Ng'ombe Aliyenyimwa Njegere

Mwenye sikio na anisikilize vizuri, maana mwisho nitamdai jibu.

Kwenye vilima vya Rungwe waliishi wafugaji watatu. Ambakisye alikuwa na mkono wa kuotesha. Lusajo alikuwa na jicho la kumjua mnyama. Tupokigwe, mjane, hakuwa na kipaji cha kusifiwa. Alikuwa na ng'ombe mmoja na neno lisilorudi nyuma.

Akaja mtafiti. "Nataka kujua kama njegere zitaongeza maziwa wakati wa kiangazi. Tukifaulu, yupo mtamba mmoja mwenye mimba. Ni wa aliyefanya kazi kubwa kuliko wenzake. Mtaamua wenyewe."

Ambakisye akapanda. Sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, ikaziunguza njegere mara mbili. Mara ya tatu akazipanda pamoja na ngano zipate pa kujishikilia, akaacha kulima viazi vyake. Njegere zikazaa, lakini watoto wake wakala kwa majirani msimu mzima.

Lusajo akalisha. Siku ya kwanza ng'ombe wake mmoja akavimba tumbo, akafa. Akajifunza: zipondwe, zichanganywe na pumba, kibaba kimoja tu. Waliobaki wakajaza ndoo.

Tupokigwe hakufanya kitu, na ndiyo kazi aliyopewa. "Lazima awepo ng'ombe asiyeonja hata punje, tuone tofauti," mtafiti alisema. "Akipewa kwa siri, kazi ya wote imeharibika." Kura ikamwangukia yeye, akakubali. Kila asubuhi alimpa ng'ombe wake majani makavu, akimsikia akilia harufu ya pumba ilipovuka ua. Jirani akamletea kikapu cha njegere.

"Pokea, dada. Nani atajua?"

"Mimi," akajibu, akakirudisha.

Maziwa yakakauka. Ndama aliyekuwa akinyonya akafa mikononi mwa mjane. Alimchukia mtafiti, akajichukia mwenyewe, na kesho yake akakata majani yale yale.

Siku ya kumkabidhi mtamba, Lusajo akacheka. "Mama, na wewe umekuja? Si ulikaa tu!"

"Nilikaa," Tupokigwe akasema. "Bila ng'ombe wangu mngejuaje kwamba maziwa yenu yametoka kwenye njegere?"

"Na bila mbegu zangu?" akauliza Ambakisye.

"Na bila yule wangu aliyekufa?" akasema Lusajo, kicheko kimemwisha.

Mtafiti alikuwa ameishika kamba ya mtamba, hajui ampe nani.

Basi ishike wewe uliyesikiliza. Je, ungemkabidhi nani? Na hao wawili utakaowanyima, utawaambia nini?