Bi Digidigi na Mipaka ya Mto Mkavu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiombana chumvi na moto kama majirani wengine, palikuwa na mto usiokuwa na maji. Usicheke wewe! Mto upo, maji hayaonekani. Ni mchanga mtupu kutoka mlimani hadi bondeni. Maji yenyewe yalijificha chini ya mchanga, na aliyeyataka ilimbidi achimbe.

Walikuwa na desturi yao. Kiangazi kikiingia, Tembo huchimba kisima kwa pembe zake, chwaa, chwaa! Akishakunywa yeye, hunywa Nyati, kisha Ngiri, kisha wadogo wote kwa zamu. Na wa mwisho kunywa hufukia kisima, jua lisije likayalamba maji.

Wa mwisho mara nyingi alikuwa Bi Digidigi, yule jamaa mdogo wa swala, mwenye miguu kama vijiti na mdomo usiolala. Alifukia bila kunung'unika. Alikuwa na mimba yake ya kwanza na hakutaka makuu.

Basi mvua zikaanza kuharibika. Vuli ikakosa kuja kabisa. Masika ikaja siku moja tu, manyunyu, ikaondoka bila kuaga. Siku hiyo ndiyo Bi Digidigi alijifungua, na mtoto akamwita Manyunyu.

Shida ikiingia, adabu hutoka. Watu wakawa wanakunywa kwa kusukumana, wakishakunywa hao, wanakwenda zao. Kufukia? "Atafukia mwenzangu." Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kufukia, na visima vikabaki wazi, jua likanywa kuliko wote.

Nyati akaitisha baraza. Akapiga kwato chini, ku!

"Nimechoka mimi! Cha wote hakina mwenyewe. Tugawane mto. Kila mtu apewe kipande chake, tuone kama hatakitunza."

"Hapo umenena," akasema Tembo.

"Na mipaka ataweka nani?" akauliza Ngiri.

Wote wakageuka kumtazama Bi Digidigi. Ukoo wa digidigi ndio mafundi wa mipaka. Huweka kirundo cha mavi mahali pale pale kila siku, babu, baba na mwana, na apitaye anajua kwamba hapa pana mwenyewe. Mnakunja pua, lakini ndiyo hati yao hiyo, na haijawahi kuleta kesi.

"Mipaka yangu mimi ni ya majani," akasema Bi Digidigi. "Majani hukaa yalipo. Maji je?"

"Wewe ndiye fundi, mama," akasema Tembo kwa upole. "Utapata ukingo wote, kuanzia huku hadi kule, pamoja na kisima chake. Chako na mwanao."

Kuitwa fundi na Tembo si mchezo. Kichwa kikamvimba. Kwa siku tatu akapita akiweka virundo vyake kukata mto, safu kwa safu. Tembo akapata juu, penye kichaka cha mikuyu kinachovuta mawingu. Nyati akapata katikati, Ngiri akapata chini.

Nami sitawadanganya, mwanzoni mambo yalinyooka. Nyati alifukia visima vyake na kuvishindilia kwa kwato. Ngiri akaacha kugaagaa kwenye tope. Hata nzi hakunywa bila ruhusa.

"Unaona, baba Manyunyu?" Bi Digidigi akamwambia mumewe. "Mtu hutunza chake."

Mwezi wa pili, kisima cha Ngiri kikakauka kau. Akapanda kwa Nyati.

"Mjomba, niokoe. Tone moja tu."

"Si una kipande chako? Chimba!"

Ngiri akarudi akachimba. Siku ya nne wakamkuta amepiga magoti ndani ya kisima chake, kama ngiri wafanyavyo wanapokula, ila huyu hakuwa anakula. Mchanga ulikuwa umemjaa puani. Wakamfukia humo humo, na jioni yake Nyati akatangaza kwamba kipande cha marehemu sasa ni chake.

Baada ya Ngiri, ikawa zamu ya ukingo. Kisima cha Bi Digidigi kikatoa tope, kisha kikatoa vumbi. Na maziwa yake nayo yakakatika. Manyunyu akawa ananyonya, anaacha, analia sauti nyembamba. Siku ya pili hakulia tena, akawa anatazama tu.

Bi Digidigi akakimbia hadi kwa Tembo. Lo! Alimkuta shimoni, na shimo limeingia chini hadi masikio yake hayaonekani. Na ile mikuyu! Magome yote yamechunwa, matawi yamevunjwa, miti imesimama uchi juani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Maji, babu. Mtoto anakufa. Na hii mikuyu mbona umeimaliza? Si ndiyo inayotuitia mvua?"

"Nimekula mikuyu ya nani?"

"Yako."

"Nimechimba kwa nani?"

"Kwako."

"Mpaka aliuweka nani?"

Swali lilimchoma Bi Digidigi hasa, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

"Basi nenda nyumbani kwako," akasema Tembo, akaendelea kuchimba.

Bi Digidigi akashuka hadi kwa Nyati. Shimo la Nyati nalo lilikuwa refu, tena lilikuwa karibu na mpaka wa Tembo, maana wote wawili walikuwa wakiyafuata maji yale yale. Kati yao kulibaki ukuta wa mchanga, na juu yake vile virundo vyake, safi, vimekaa sawasawa. Akavitazama, akachukia kazi ya mikono yake. Ndipo akili ikamjia.

"Mjomba Nyati! Nimekuja kukagua mpaka."

"Kagua upesi. Maji siombwi."

"Siombi maji. Mpaka huu niliuweka juu ya mchanga. Chini sikuweka kitu. Hebu tega sikio hapo ukutani."

Nyati akatega. Chwaa, chwaa, chwaa.

"Nini hicho?"

"Babu Tembo. Anakuja kwako kwa chini."

"Mwizi mkubwa!"

"Shh! Ukipiga kelele atarudi nyuma aseme amesingiziwa. Chimba kumwelekea, mjomba. Umshike na maji yako mdomoni."

Nyati akaingiza pembe ukutani, akaanza. Bi Digidigi huyoo, mbio hadi upande wa pili.

"Babu! Babu! Tega sikio hapa."

"Umerudi tena wewe?"

"Tega tu, babu."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Ala! Ni nani huyo?"

"Unaishi na jirani gani, babu? Mimi nisiseme, nisije nikaitwa mchonganishi. Wewe mchimbie tu, mkutane."

Tembo akachimba kwa hasira. Huku chwaa, huko kwaru. Ukuta ukawa mwembamba, virundo vikaanza kutikisika. Bi Digidigi akapanda ukingoni, akisema kimoyomoyo, upesi, jamani, upesi.

Porooo! Ukuta wote ukaanguka. Paji la Tembo na pembe za Nyati, gongo!

"Mwizi!"

"Mwizi wewe! Maji yangu yako wapi?"

"Na yangu je?"

Vumbi likatulia. Mashimo mawili yalikuwa yamekuwa shimo moja, na chini yake, juu ya mwamba, maji ya huku na maji ya huko yalikuwa yamekutana. Yalikuwa kidogo, hayafiki hata goti la digidigi.

"Haya basi," Bi Digidigi akawaambia kutoka juu. "Mimi ndiye fundi. Nionyesheni ya Tembo yanaishia wapi na ya Nyati yanaanzia wapi, niweke kirundo changu hapo."

Wakainamisha vichwa, wakatazama. Wakatazama tena.

Wakiwa wameduwaa hivyo, Bi Digidigi akaruka katikati ya miguu yao, chubwi! Akanywa hadi tumbo likakaza.

"Umetuchezea!" Nyati akafoka.

"Nimewachezea, mjomba. Lakini nilianza kujichezea mwenyewe, siku ile niliyokubali kukata maji kwa mavi."

Tembo hakufoka. Aliinua macho akaitazama mikuyu yake, kisha mbingu, ambazo hazikuwa na hata kipande cha wingu.

"Haya maji yatafika siku ngapi?" akauliza.

"Tukinywa kwa zamu na kufukia, huenda yakatufikisha mwisho wa mwezi. Baadaye sijui, babu. Miti umeila, na mvua inapita bila kutuona."

Nyati ndiye aliyeanza kurudisha mchanga kwa kwato, taratibu. Hakulitamka tena lile neno "yangu".

Bi Digidigi hakungoja kuona. Alikuwa amekwisha kupanda, anakimbia. Njiani akahisi kifua kinajaa, maziwa yanarudi, akacheka peke yake. "Ninakuja, Manyunyu! Mama anakuja!"

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakumpokea. Alisogea kando tu, ampishe apite.

Mtoto alikuwa amelazwa kwenye majani, macho yamefumbwa, na nzi walikuwa wameshafika. Bi Digidigi akamnyanyua, akamweka kifuani, akambembeleza anyonye. Maziwa yakatoka yenyewe, yakamlowanisha mtoto shingo, yakaingia ardhini.

Wajukuu zangu, mchanga mtaugawana, lakini maji ya chini na mvua ya juu havijui mpaka, nasi tunalitambua hilo tukiwa tumeshachelewa.