Kwa Nini Mwindaji wa Kivungwe Huinamisha Bunduki

Wekeni kamba chini kwanza. Kuni hazina miguu, zitawasubiri. Ninyi mlioolewa hapa mwaka huu niliwasikia jana mkicheka, eti wanawake wa huku wanapiga kelele msituni kama waliopotelewa na mbuzi. Leo mtajua sababu, na mkishaijua sitaki kumsikia mtu anacheka.

Zamani hapakuwa na kelele yoyote. Msitu wa Kivungwe ulianzia kileleni ukashuka mpaka mtoni, na kuni zilikuwa bure kama zilivyo leo: tawi likikauka likaanguka, ni la atakayeinama kuliokota. Mti mbichi haukuguswa. Lakini mama zetu waliokota kimya. Wawindaji walikuwa wameweka amri kwamba sauti ya mwanamke inafukuza wanyama, kwa hiyo ukivuka kijito cha kuingilia msituni unafunga mdomo mpaka utakapotoka. Waliitana kwa mikono. Aliyeng'atwa na siafu alilia machozi bila sauti. Jamani, wanawake wa ukoo huu kunyamaza asubuhi nzima! Mimi ningepasuka.

Enzi za upinde amri ile haikumdhuru mtu, maana mwenye upinde hunyemelea mpaka aone jicho la mnyama. Kisha yakaja magobore. La kwanza lilikuwa la Senkondo. Alishindilia baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi, na akaangusha mbawala ng'ambo ya bonde huku watu wakitazama. Sifa zikampanda kichwani. Hata kuoga mtoni alikwenda nalo. Sisemi alikuwa mtu mbaya, la hasha. Nyama yake alimgawia kila jirani, na mkono wake haukuwa na uchoyo.

Mwaka huo, katika miezi ya baridi, Nakiete alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Kitoto chenyewe kilienea kwenye viganja viwili. Mkunga akasema moto wa nyumba ile usizime hata mara moja, la sivyo mtoto hatafika mwezi ujao. Mama yake Nakiete alikuwa mjane, jina lake Nangasu. Basi kila asubuhi Nangasu alivuka kijito, akaokota, akajitwika, akarudi. Hakumwomba mtu msaada.

Siku ya sita alikuwa anarudi na mzigo kichwani, anapita kwenye magugu marefu kuliko yeye. Senkondo alikuwa juu ya mteremko. Akaona kitu cha rangi ya udongo kinapita polepole juu ya majani, hakina sauti. Mgongo wa mbawala, akajiambia. Akalenga, akafyatua, na bonde zima likaitika.

Aliteremka mbio na kisu mkononi. Alichokikuta ni mke wa marehemu kaka yake amekaa chini, mzigo umemwangukia ubavuni, anajipapasa kichwa kuona kama bado kipo.

"Shemeji," Nangasu akasema, "leo kitoweo ni mimi?"

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mwanamke kusikika Kivungwe. Senkondo akaangusha kisu.

Mngedhani wanaume waliona haya. Wapi! Baraza lilipokaa mchana ule, wawindaji wengine walisimama mmoja mmoja wakasema kosa ni la wanawake. Wanajificha kwenye magugu, wanakata miti mibichi, wanaharibu mapito ya wanyama. Wakataka msitu ufungwe kwa wanawake mpaka mvua za vuli. Mzee Kiondo, aliyeliongoza baraza, akawa anatikisa kichwa kama anayekubali. Nangasu akahesabu moyoni: miezi mitatu bila kuni, na mjukuu wake anahitaji moto leo hii.

Hakulia. Aliuburuta mzigo wake hadi katikati ya baraza, akaufungua kamba, akaanza kuweka kuni chini moja moja mbele ya Mzee Kiondo.

"Nionyesheni panga lilipopita," akasema.

Wanaume wakazigeuza, wakanusa, wakakwaruza kwa kucha. Zote zilikuwa kavu, zimevunjwa kwa mikono na goti. Hapakuwa na mbichi hata moja. Katikati ya mzigo akafikia gogo moja gumu, nene kama paja la mtoto, na ndani yake risasi imekwama. Akampa Senkondo. "Itoe kwa vidole, shemeji."

Senkondo akachokonoa mpaka kucha ikatoka damu. Risasi haikutikisika.

"Ingeingia kwangu ungeitoaje?"

Kisha Senkondo mwenyewe akasimama, yule mwenye majivuno, mbele ya wenzake wote. "Huyu angekuwa anaimba, ningemsikia," akasema. "Amri yetu ndiyo iliyompiga."

Mzee Kiondo akamuuliza Nangasu anataka mbuzi wangapi wa fidia. "Sitaki mbuzi," akajibu. "Nataka mdomo wangu. Na kuni hizi zifike nyumbani kabla moto haujazima."

Baraza likamkubalia. Senkondo akazifunga, akajitwika mwenyewe kichwani, akapita nazo kijiji kizima, gobore mkononi limeelekezwa chini. Watoto walimcheka, hakujali. Moto ule haukuzima, na mtoto akaishi.

Na tangu siku hiyo, mwanamke wa huku akivuka kijito hugonga gogo kavu mara tatu, akapaza sauti, "Tupo!" Mwindaji popote alipo hujibu, "Nimesikia, mama," akaondoa risasi bundukini na kuinamisha mtutu chini. Akikutana nao, humtua mzigo yule wa mwisho mstarini na kuubeba mpaka njia kuu, hata kama bunduki yake ni mpya na yeye ni mtu mkubwa. Nimewaona wakibeba wakiwa wamevaa suti.

Kitoto kile cha viganja viwili ndicho kilichomzaa mama yangu. Na gogo mnaloliona juu ya mlango wangu, lenye tundu katikati, ndilo ukuni pekee ambao ukoo huu haujawahi kuuchoma.

Haya, chukueni kamba zenu. Na mkifika kijitoni nataka niwasikie kutoka hapa.