Jicho la Mwenzake

"Asiyetaja kazi yake hupewa jicho la mwenzake."

Sabra alicheka jana aliponisikia nikiisema methali hii. "Babu," akaniuliza, "jicho la mwenzako unapewaje? Linang'olewa?" Na Othman, ambaye hapitwi na jambo, akasema nimeitunga mwenyewe ili nimtishe dada yake asiende kufanyiwa operesheni ya macho ya leza. Sikuitunga mimi, na simtishi mtu. Wala haikutoka kwa wahenga msiowajua. Imetoka katika ukoo wenu, na baadhi ya waliohusika bado wanakula na kulala. Basi kaeni. Na wewe Othman, hiyo simu iweke chini, haina mbawa, haitaruka. Mambo yalianza hivi.

Marehemu dada yangu Moza alikuwa haoni mbali tangu utotoni. Akivua miwani, mtu aliyesimama mlangoni kwake ni kivuli tu, mpaka azungumze ndipo amjue. Miwani yenyewe ilikuwa mizito kama vitako vya gilasi, na mtaa mzima wa Kikwajuni ulimwita Moza Miwani. Alicheka walipomwita hivyo, lakini mimi ni nduguye, nilijua kwamba hakulipenda jina lile.

Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za viua, yaani vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka kofia nzima ikawa urembo mtupu. Alipotaka kushona, aliisukuma miwani juu ya paji la uso, akaisogeza kofia karibu na pua kana kwamba anainusa. Kiua chake hakikuzidi punje ya ufuta. Kofia zikimalizika zililetwa kwangu nizifue na kuzitia wanga, na mimi niliyezishika kofia za mafundi wengi nawaambia, sijaona mkono kama ule. Wenzake wa hirimu moja walipofika umri wa miaka arubaini na kitu walianza kuwaita watoto wawatungie uzi kwenye sindano. Moza alitunga mwenyewe. Watu walistaajabu, mwanamke mbovu wa macho anashonaje vitu vidogo namna ile? Tulisema ni kipaji, tukaishia hapo.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu zaidi. Katika nyumba zetu, kushona kofia hakukuitwa kazi. Kazi ilikuwa ile ya mumewe bandarini. Moza alikuwa "anajishughulisha" tu. Mumewe alipofariki, kofia ndizo zilizopika, ndizo zilizovisha, ndizo zilizomsomesha mwanawe, shangazi yenu Raya, mpaka chuo. Na bado mtu akimuuliza dada yangu anafanya kazi gani, alijibu, "Sina kazi mwenzangu, nipo nyumbani tu." Wanawake wote wa mtaani walijibu hivyo, huku sindano iko mkononi.

Raya alipomaliza masomo alipata kazi Dar es Salaam, katika ofisi ya tiketi za ndege, na baada ya muda akaposwa. Ndipo alipokuja na habari ya operesheni ya leza. "Mama, unaingia leo, unatoka leo. Miwani unaitupa." Alimpenda mama yake, hilo sina shaka nalo. Lakini pia, nami nasema kwa kuwa nilimlea, hakutaka picha za harusi yake ziwe na ile miwani. Moza mwenyewe alitaka. Aliniambia, "Vuai, nataka nimwone mwanangu juu ya jukwaa bila ya vioo kati yetu." Kwa hiyo asije mtu akasema alilazimishwa.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kofia ya bwana harusi. Aliweka nadhiri kwamba mkwewe hatavaa kofia ya dukani. Alikuwa amefika nusu. Akaikunja, akaiweka sandukuni, akasema ataimalizia akirudi na macho mapya.

Daktari wao huko Dar, Kaijage, hakuwa mtu wa pupa. Kwanza alimpima unene wa kile kioo cha mbele ya jicho, maana leza hukipunguza, na chembamba mno hakifai kuguswa. Akatazama kama macho yana machozi ya kutosha au makavu. Akauliza kama ana kisukari, na kama namba ya miwani imebadilika miaka ya karibuni, kwa sababu jicho ambalo bado linabadilika halifanyiwi. Akawaambia pia kwamba wengine usiku huona taa zimezungukwa na miale, na hali hiyo mara nyingi hupungua, ila si kwa kila mtu. Akamkataza wanja. Dada yangu, aliyepakwa wanja tangu yu mchanga, akaacha wanja. Akakatazwa kusugua macho, asisugue. Kila sharti alilopewa alilitimiza.

Kisha daktari akauliza, "Na mama anafanya kazi gani?"

Moza alikuwa na haya mbele ya wageni, na mwanawe ndiye aliyeujua mji. Raya akajibu, "Mama hana kazi. Yuko nyumbani tu."

Daktari akaeleza kwamba kwa umri wake, akitengenezewa kuona mbali, vitu vya karibu atavihitajia miwani. Raya akasema, "Hilo si tatizo. Kusoma kwake ni msahafu tu, nao ni wa maandishi makubwa." Na dada yangu akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba aliposikia neno "karibu" alifikiria kusoma. Kofia haikumpitia akilini hata kidogo, kwa sababu walikuwa wanazungumza habari za kazi, na yeye hana kazi.

Operesheni ikafanyika, ikafanikiwa. Alinihadithia kwamba hakusikia maumivu, ila alisikia harufu ya kitu kinachoungua akasoma shahada kimoyomoyo. Wiki chache za mwanzo alikuwa kama mtoto aliyepewa nguo ya Idi. Alinisimamisha barazani akanionyesha kunguru juu ya mnara wa simu, akataka kunibishia amebeba nini mdomoni. Mimi sikumwona hata kunguru mwenyewe. Tulifurahi sote. Namshukuru Mungu kwamba alizipata siku zile.

Siku za kuyapumzisha macho zilipokwisha, akaitoa kofia sandukuni. Akaisogeza karibu na pua kama alivyozoea, akaona ukungu. Akaisogeza mbali kidogo, ukungu ukapungua, lakini viua vikawa vidogo mno havishikiki. Akailaumu sindano, akanunua nyingine. Akailaumu taa. Akanunua miwani ya kusomea ya barabarani, nayo ikamuumiza kichwa. Hakumwambia mtu. Alishona hivyo hivyo kwa kubahatisha, kwa kuwa harusi ilikuwa inakaribia, mpaka siku aliponiletea kofia niifue.

Nikaipitisha vidole. Nusu ya kwanza ilikuwa ya dada yangu. Nusu ya pili sikuijua.

"Dada, umempa nani amalizie?"

"Sikumpa mtu."

"Basi ulikuwa unaumwa?"

Akakaa kwenye kibao changu, akaanza kulia. "Vuai, nimepewa macho mazuri, nami nayashukuru. Lakini haya si yangu. Mkono unajua pa kwenda, jicho halijui. Mungu ameninyang'anya kwa sababu ya kutaka urembo wa picha."

Nilimwambia Mungu asisingiziwe, twende kwa daktari. Tukavuka kwenda Dar, Raya akatupokea, tukaingia sote watatu. Daktari Kaijage akampima, akaridhika. "Mama, operesheni imekwenda vizuri sana. Unasoma mpaka mstari wa chini wa ubao."

"Baba, sikuja kusoma ubao," dada yangu akasema. "Nimekuja kuitafuta sindano yangu."

Akafungua mkoba, akamwekea kofia mezani. Daktari akaichukua. Mwenyewe alikuwa anavaa miwani. Akaivua, akaisogeza kofia karibu na uso wake, karibu kabisa na pua. Nilipomtazama, nilimwona Moza. Akaitazama nusu ya kwanza kwa muda mrefu.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi. Kabla ya kuja kwako."

"Lakini nilikuuliza kazi yako, mama."

Raya akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyejibu."

Hapo dada yangu akauliza swali ambalo sisi sote lilikuwa halijatujia. "Na wewe daktari, unawatoa wenzako miwani kila siku. Yako mbona unayo?"

Daktari akavaa miwani yake taratibu. "Kwa sababu mimi sioni mbali, kama ulivyokuwa wewe. Umri wangu huu, wenzangu hawaoni karibu mpaka watafute miwani. Mimi navua yangu, naona karibu vizuri sana, na kazi yangu kubwa ni ya karibu. Jicho lisiloona mbali, likifika utu uzima, ule ubovu wake wa mbali ndio neema yake ya karibu. Ukiuondoa ubovu, na neema inakwenda. Mimi nilijua kazi ya jicho langu, nikaliacha lilivyo. La kwako niliambiwa halina kazi."

Raya akauliza kama haiwezekani kurudisha. Daktari akasema kilichoondolewa na leza hakirudi. Angelijua mapema, angemshauri abaki na miwani yake, au jicho moja lisitengenezwe kikamilifu, libakizwe la kuonea karibu. Sasa atampimia miwani ya kushonea, nzuri, si ile ya barabarani. Itamsaidia, lakini viua vile vya punje ya ufuta hakuthubutu kumwahidi. Hakutoa maneno ya kujitetea, nami nilimheshimu kwa hilo. Alisema, "Nilipaswa kukuuliza wewe mwenyewe, na nikuulize mikono yako inafanya nini kutwa."

Raya akamshika mama yake miguu. "Mama, nimekudhulumu."

"Hukusema uongo, mwanangu," Moza akamjibu. "Ulisema nilichokuwa nikikisema mimi maisha yangu yote."

Harusi ikafika. Dada yangu alitaka kununua kofia nyingine dukani, Raya akakataa katakata. Bwana harusi akaletwa kwa wanawake kukaa na mkewe, amevaa ile ile yenye nusu mbili. Mimi sikuwamo, kwa kuwa ukumbi ule si wa wanaume, lakini bibi yenu alikuwamo na aliniapia kila neno. Shangazi mmoja wa bwana harusi, mwenye ulimi wa kachumbari, akamkaribia mwana wa kaka yake, akaitazama kofia, akapaza sauti wenziwe wasikie. "Ee! Hii kofia imeshonwa na mafundi wawili, na mmoja alikuwa amesinzia!"

Wanawake wakaangua kicheko. Nanyi mnajua desturi. Bibi harusi hukaa ameinamisha macho, hata akichokozwa hasemi. Raya akanyanyua uso.

"Fundi ni mmoja, shangazi. Ni mama yangu, mshona kofia, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Upande huu ameshona kwa jicho lake. Upande huu ameshona kwa jicho nililomchagulia mimi, kwa sababu nilipoulizwa kazi yake nilisema hana."

Kicheko kikakatika. Moza alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipokea wageni. Hakuwa na kioo chochote usoni. Bibi yenu anasema alimwona mwanawe waziwazi kutoka kule, mpaka machozi yanavyoteremka kwenye poda, na akasimama.

"Mwacheni mwanangu, msimfanye alie siku yake," akasema. "Kosa lilianza kwangu mwenye kazi. Asiyetaja kazi yake hupewa jicho la mwenzake. Haya, pigeni vigelegele!"

Wakapiga. Na tangu usiku ule maneno yale yakatoka ukumbini, yakaingia majikoni, yakafika sokoni, na leo husemwa hata na watu wasiojua kofia wala leza. Fundi akikujengea nyumba isiyokufaa kwa kuwa hukumwambia mnaishi wangapi, utaambiwa hivyo hivyo. Dada yangu aliendelea kushona kwa miwani ya daktari, kofia za viua vikubwa, na zilinunuliwa. Viua vya ufuta hakushona tena mpaka anakufa. Iliniuma, na inaniuma.

Sasa Sabra ananitazama kama niliyemfungia mlango. "Basi Babu, nisifanye?"

Sijasema usifanye. Wewe si dada yangu. Wewe bado kijana, jicho lako linajivuta lenyewe karibu na mbali, na huenda leza ikawa kheri tupu kwako. Lakini kutwa umekodolea kompyuta na macho yako makavu, unayasugua hata sasa, na usiku unaendesha gari kutoka Nungwi peke yako, taa za watu zinakupiga usoni. Je, hayo umemwambia daktari? Umemwambia namba ya miwani yako. Namba anaweza kuipima mwenyewe, mashine anayo. Unayoyafanya kutwa na usiku hana mashine ya kuyapimia.

Kwa hiyo ukienda, akikuuliza unafanya nini, usiseme "niko ofisini tu", na usimwachie mama yako akujibie. Mweleze mpaka akwambie basi inatosha. Hapo hata akikushauri ubaki na miwani, utakuwa umekataliwa jicho la mtu mwingine, umeachiwa la kwako.

Asiyetaja kazi yake hupewa jicho la mwenzake.