Kete Elfu Moja na Tisa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kete elfu moja na tisa, na jumbe mmoja mwenye hila.

Basi hapo kale jumbe huyo, Mwinyigogo, alitaka watu wa kumlimia bure. Akaleta kikapu cha kete. Akatangaza kuwa atakayezipanga kwa mistari iliyo sawa atapewa shamba la bondeni. Mstari usiwe mmoja tu, wala kete isikae peke yake, wala isibaki hata moja. Atakayeshindwa atamlimia jumbe mwaka mzima.

Akaja wa kwanza. Akapanga mbilimbili. Ikabaki moja. Akapewa jembe.
Akaja wa pili. Akapanga tatutatu. Ikabaki moja. Akapewa jembe.
Akaja wa tatu, Kibwana. Huyu akapanga sabasaba. Nanyi mwajua. Ikabaki moja, naye akapewa jembe.

Kibwana alikuwa na dada, Mwanashungi, msusi wa mikeka. Shamba la kaka yake lilipoanza kuota magugu, alikwenda kwa jumbe akaomba kujaribu. Lakini kwanza akauliza mbele ya watu wote:

"Jumbe, mpango huo upo kweli?"

"Upo. Naujua. Nikisema uongo, wote waliolima na waende zao."

Mwanashungi akaketi. Akapanga mbilimbili, tatutatu, nnenne. Tano zikabakiza nne. Kumi na moja zikabakiza nane. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Magoti yakamwuma, akahofu naye atashika jembe. Siku ya tatu adhuhuri akapanga mistari ya kete thelathini na moja. Zikabaki kumi na saba. Akasimama, akajipangusa vumbi.

"Mpango haupo."

Jumbe akacheka. Akasema hesabu haziishii thelathini na moja. Mbona hajajaribu arobaini, hajajaribu mia?

"Mistari thelathini na miwili ya kete thelathini na mbili inataka kete elfu moja na ishirini na nne," akasema Mwanashungi. "Hapa hazifiki. Kwa hiyo mistari ikiwa mirefu kupita thelathini na moja, idadi yake haifiki thelathini na miwili. Nenda usimame ubavuni, uitazame kama mkeka uliogeuzwa. Utaona mistari mifupi, isiyopita kete thelathini na moja, na mifupi yote nimeimaliza. Kama nimekosea, jumbe, panga wewe."

Watu wakamtazama jumbe. Akapanga arobaini, zikabaki tisa. Akapanga mia, zikabaki tisa. Jua likashuka. Njia ya mwongo ni fupi, wenzangu. Akaziacha kete chini, akaingia ndani bila kuaga.

Wazee wakawaambia wale watatu waweke chini majembe ya jumbe, waende makwao. Kibwana alipanda mvua zikiwa zinakatika. Alivuna magunia mawili tu mwaka ule, akala kilicho chake.

Nami hapo ndipo nilipoikuta, hapo ndipo ninapoiacha. Iliyo njema ni yenu, iliyopinda ni ya ulimi wangu.