Siku Kumi na Tisa za Mpiga Picha

Haya, wapendwa, wa nyuma kule mnanisikia? Basi niwaeleze habari za mpiga picha mmoja mwenye studio ndogo karibu na stendi.

Mwaka juzi wezi walivunja studio yake, wakabeba kompyuta na flashi zote, na picha za harusi ya binti mmoja zikaenda nazo. Zote! Jamaa aliona aibu mpaka akawa anabadilisha njia kila akimwona mama wa yule binti sokoni. Mwaka huu mdogo wake binti akawa anaolewa, na mama yule yule akamfuata mpiga picha, akamwambia, "Mwanangu, nakupa tena kazi. Safari hii usinilize."

Safari hii jamaa alikuwa amejiandaa. Alikuwa amejiunga na hifadhi ya mtandaoni: kompyuta inatuma nakala ya kila picha mbali huko, hata mwizi abebe meza na viti, picha zipo. Jumatatu baada ya harusi akabonyeza, kompyuta ikaanza kutuma. Akatazama muda uliobaki. Siku kumi na tisa!

Akili ikamruka. Kila aliyesimama mlangoni, jamaa alimdhania ni mwizi. Akaipigia simu kampuni ya intaneti, akawafokea. Akapandisha ruta juu ya kabati. Akalaumu mawingu. Mwishowe akasema ni kinyozi wa jirani anayemwibia intaneti, akabadilisha nywila kwa hasira. Na kinyozi wa watu anatumia simu ya kitochi!

Siku ya tatu akamwita fundi, dada mmoja asiye na maneno mengi. Dada akachukua waya, akaunganisha kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, akapima.

"Kaka, laini yako ni nzima. Inatuma vizuri tu."

"Basi ni hao wenye hifadhi! Matapeli wakubwa!"

"Tuangalie kwanza hapa kwako." Akafungua mipangilio ya ile programu, akaonyesha kwa kidole. "Unaona? Hapa pamewekwa kikomo. Programu imekatazwa kutumia zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya laini yako."

"Nani kaikataza? Kinyozi?"

"Kompyuta hii anaigusa nani?"

"Mimi peke yangu."

"Siku ile unaweka programu, ulikuwa unafanya nini kingine?"

Jamaa akajikuna kidevu. Akatazama dari. "Nilikuwa naangalia fainali mtandaoni," akasema kwa sauti ndogo. "Mpira ulikuwa unakatakata, dada, nikaibana programu kidogo. Mpaka mechi iishe tu."

"Na mechi iliisha lini?"

"Mwezi wa tano."

Ilikuwa Novemba.

Chekeni tu, chekeni. Fundi akagusa mara moja, siku kumi na tisa zikawa saa ishirini na tatu. Alhamisi mama alipopita kuulizia, jamaa hakukimbia. Alimwambia, "Mama, zimefika zote," na mama akapiga kigelegele pale pale mlangoni. Kisha mpiga picha akaenda kwa kinyozi kuomba radhi.

Sasa, sisi je? Tunasema maombi yetu yanachelewa kufika. Tunailaumu kwaya, tunalaumu spika, tunamlaumu mhubiri kwamba anaongea sana, na kuna mtu hapa anatazama saa yake, namwona. Lakini kikomo kaweka nani? Ulisema, "Sitamsalimia dada yangu mpaka hasira zipoe." Hasira zilipoa zamani, na bado humsalimii. Mwingine ulisema, "Nitarudi kwenye ibada ya asubuhi binti yangu akimaliza mtihani." Binti alimaliza, akaolewa, leo ana mtoto mgongoni, na wewe bado unampa Mungu mabaki ya siku.

Na msidhani nimejitoa. Kuna mjane mmoja mgonjwa hapo ng'ambo ya kisima. Nilimwahidi nitakwenda kumwona mvua zikikatika. Ninyi wenyewe mmekuja leo, mmeona vumbi lilivyo barabarani.

Mechi iliisha, wapendwa. Tukitoka hapa, mimi naanzia kwa yule mjane. Wewe unaanzia kwa nani?