Vyumba Vilivyoshikwa na Wasiokuwepo

Ndugu zangu, amani ya Bwana iwe nanyi. Kisa hiki nimetumiwa, nikashindwa kukaa nacho peke yangu.

Fundi Ambilikile alitunza seva ya ghala la damu. Seva, kwa jinsi tunavyoelewa sisi wa shule ndogo, ni kama nyumba ya wageni yenye mlango mmoja wa mapokezi. Hospitali ikibisha hodi kwa mtandao inapokelewa, inapewa chumba chake cha kuongea, na mlango unarudi kusikiliza wengine. Ikimaliza inaaga, chumba kinapewa mwingine.

Ila hospitali za milimani mtandao hukatika maneno yakiwa mdomoni. Zinaondoka bila kuaga, na seva inazishikia vyumba tu.

Wenzake walimwambia, "Weka muda. Anayenyamaza sana, mfungie chumba."

"Nimfungie mgonjwa? Mimi sina roho hiyo." Watu wakamsifu kwa huruma, na sifa ikamkolea.

Siku moja ya mvua, Sista Tusajigwe, mgawaji wa damu, akaja mbio.

"Fundi, hospitali ya mlimani wamepiga simu! Kuna mama amejifungua, damu inamtoka haikomi. Wanatuma ombi, wanakataliwa!"

Kwao damu haikutolewa kwa simu, kwa sababu kundi la damu liliwahi kusikika vibaya, mtu akadhurika. Lazima ombi lipite kwenye seva.

"Hawakataliwi, Sista. Vyumba vimejaa. Wasubiri kama wenzao."

"Vimejaa? Mbona tangu asubuhi sijapata ombi hata moja? Hao wageni wako ni mabubu?"

Ambilikile akacheka. Kisha akaanza kuangalia chumba kimoja kimoja, na kicheko kikamkauka. Ndani hamkuwa na mtu. Tena vyumba vingi vilishikwa kwa jina la hospitali ileile ya mlimani! Tangu asubuhi walibisha, wakakatika, kivuli chao kikabaki ndani. Wakabisha tena, wakakatika tena. Mwisho vivuli vyao wenyewe vikawafungia nje.

Akavifuta vivuli vyote, vyumba vikawa wazi. Ombi likaingia papo hapo. Damu ya kundi la yule mama ilikuwa kwenye jokofu siku nzima. Gari likaondoka kwa kasi.

Halikufika mbali. Simu ya Sista ikaita, alikuwa dereva.

"Sista, hospitali wameniambia nigeuze. Mama hatunaye tena."

Sista akakaa chini, kitambaa usoni. Ambilikile akamsogelea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtoto?"

"Mtoto mzima. Wanamtafutia wa kumnyonyesha."

Funzo: Kumshikia nafasi aliyekwisha kuondoka si wema, kama mwenye shida amesimama nje. Huruma ya kutaka kusifiwa inaua, na sisi tulioizoea Mungu atusamehe. Ukiguswa, mpe na jirani yako asome.