Anayechakura Hapewi

Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, moto uliteketeza nchi ya kanga, wale ndege wenye madoadoa. Bi Kanga akazika mume, akazika na makinda. Akabaki na mmoja tu, Zawena, akakimbilia naye nchi ya kuku.

"Chakureni, jirani," Mama Kuku akamwambia. "Ardhi ni ya Mungu."

Kila mwezi ulipoandama, Korongo alileta mtama kutoka kwa wenye ghala, awapimie wageni na wenyeji. Mwanzo kibaba kilikuwa cha tele, kimefura kama kichuguu. Kisha kikawa cha mfuto, kimesawazishwa na ukingo. Korongo akasema:

"Vumilieni, wenye ghala wamechoka."

Kisha kikawa nusu.

"Vumilieni, wenye ghala wamechoka."

"Wamechoka kutoa," Bi Kanga akasema. "Na tumbo je, litachoka lini?"

Korongo akapandisha shingo. "Vumilieni! Mwezi ujao nitampa aliyedhoofu kabisa. Anayechakura hapewi!"

Basi ndege wote wakakunja miguu, wakakaa kitako. Mvua ikanyesha, kumbikumbi wakajaa ardhini, hakuna aliyewagusa. Majirani wakabaki kuchungana.

"Shoga, ukucha wako umetikisika!"

"Wangu? Tazama wako, mchakuzi wee!"

Zawena akauliza, "Mama, nichakure kidogo?"

"Kaa, mwanangu."

"Mama, nichakure?"

"Kaa."

Mara ya tatu Zawena hakuuliza. Shingo ilikuwa imelegea, macho yamefumba.

"Ya Rabi!" Bi Kanga akaruka, akachakura kwa miguu yote miwili. Papo hapo Korongo akatua na mtama wa mwezi mpya.

"Wewe! Unachakura! Hupewi!"

"Nisipewe! Wengine nimeshawazika. Huyu sikai nikamtazama anakufa ili wewe unione mnyonge. Nachakura kwa sababu mtama wako hautoshi, nawe waniadhibu kwa kuchakura?"

Akampenyezea Zawena kumbikumbi mdomoni. Kinda akameza. Akafumbua jicho moja.

Mama Kuku akasimama. "Na mimi usinipe!"

Kuku wakachakura, kanga wakachakura, vumbi likapanda. Korongo akatafuta aliyekaa, asimwone.

"Sasa nimpe nani?"

"Mwaga hapo katikati," Bi Kanga akasema. "Kisha nenda ukawaambie wenye ghala kwamba tumekula, na hatukushiba."

Korongo akamwaga. Wakala, mgeni na mwenyeji, mdomo kwa mdomo. Hawakushiba. Korongo akaruka na ujumbe wake.

Ngano yangu imekomea hapo, na Korongo hajarudi bado.